Kabla ya kurusha wimbo kwa Bluetooth, omba ruhusa

Haya wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya hifadhidata. Kuna swali ninaloulizwa karibu kila mwezi, pengine hata kuliko lile la "kompyuta yangu imeingia virusi, nifanyeje?" Linatoka kwa watu wa kwaya na vikundi vya sifa huku Kibera: tunawezaje kugawana nyimbo za mazoezi bila kuvunja sheria?

Kwanza nieleze hali ilivyo, maana wengi wanaotoa ushauri juu ya jambo hili hawajawahi kukaa kwenye mazoezi ya jioni pale Kambi Muru. Kikundi ninachokisaidia upande wa mitambo kina waimbaji 14. Mwalimu huchagua wimbo mapema katika wiki, na kila mmoja anatakiwa kuja akiwa ameshaijua sauti yake, iwe soprano, alto, tena au besi. Sasa, kuna mama anayeuza mboga, kuna vijana wawili wa mjengo, kuna mmoja yuko kidato cha nne. Nafasi yao ya kusikiliza ni asubuhi wakitembea kwenda kazini, au wakati wa kufua. Kwa hiyo wimbo lazima ukae ndani ya simu. Na njia ya kuuingiza humo ni ile tunayoijua sote: mmoja anabandikiwa saiba, au anatumia programu ya kunyonya sauti kutoka YouTube, anautupa kwenye kundi la WhatsApp, na wasio na bando wanarushiwa kwa Bluetooth mlangoni.

Mimi ni mwandishi wa programu, si wakili. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nimeisoma, na haina ugumu wa kumtisha mtu aliyewahi kusoma mwongozo wa seva. Mwenye wimbo ndiye mwenye haki ya kuudurufu na kuusambaza. Kuhusu rekodi za sauti, sheria hiyo iliacha mlango mmoja mdogo: mtu anaweza kujitengenezea nakala moja kwa matumizi yake binafsi. Nakala moja, tena kwa yule yule anayeitengeneza. Nakala 14 kwenye simu za watu 14 hazipiti katika mlango huo, hata zikirushwa bure, hata zikirushwa ndani ya kanisa. Na YouTube nao, katika masharti yao, wanakataza kupakua video nje ya njia wanazoziruhusu wenyewe.

Basi mjuaji atakwambia: tuma kiungo, usitume faili. Ni ushauri safi kisheria. Kila mmoja anafungua YouTube, mwimbaji anahesabiwa watazamaji wake, hakuna nakala iliyozaliwa. Mjini nautoa mwenyewe. Ila tupige hesabu. Wimbo wa dakika 5 katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 4.8. Ukiisha kuingia kwenye simu, unausikiliza mara 30 kwa gharama ile ile. Video ya wimbo huo huo inakula mara kadhaa zaidi, na unaweza kujikuta unailipia tena na tena, kila unaporudia ile beti inayokushinda. Anayerudia sana ni yule asiyeujua wimbo. Na kwa kawaida ndiye mwenye bando dogo kuliko wote.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Njia iliyo halali bila kumuuliza mtu yeyote inamgharimu zaidi mwimbaji maskini, na njia inayomfaa maskini, yaani Bluetooth na memori kadi, ndiyo inayohitaji ruhusa. Nimechoka kuwaona watu wa teknolojia wakilitatua swali hili kwa kupendekeza programu nyingine tena. Wana kambi hawakosi programu. Wanakosa ruhusa.

Na ruhusa, jamani, ni rahisi kuliko mnavyodhani! Sheria hiyo inasema kumuuzia mtu haki zako, au kumpa leseni ya peke yake, lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Lakini leseni ya kawaida, ile isiyomzuia mwenye mali kuwapa wengine pia, inaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, na hata kueleweka kutokana na mwenendo wa mtu. Kwa hiyo ujumbe wa simu unatosha. Mwimbaji akikujibu "sawa, wapeni waimbaji wenu wajifunzie", umeshapata leseni. (Kumbuka pia kwamba leseni ya namna hiyo, kama hamkufunga mkataba, inaweza kuondolewa wakati wowote. Akibadili nia, futa faili.)

Waimbaji wetu wa injili wanafikika. Wengi huweka namba ya simu chini ya video zao, kwa sababu wanatafuta mialiko. Mtu anayetangaza namba yake ulimwengu mzima hatashangaa kupokea ombi kutoka Kibera. Mwalimu wetu alikuwa na wasiwasi. Akaniambia, "Ndugu, huyu ni mtu mkubwa, atatuona wasumbufu." Nikamwambia, Mwalimu, tunachukua wimbo wake bila kumwambia, na unaogopa kumsumbua kwa ujumbe mmoja? Tukauandika pamoja. Tulitaja wimbo, idadi ya waimbaji, kwamba ni kwa mazoezi tu, hautauzwa, hautapandishwa mtandaoni, na tukauliza kama yeye ndiye mwenye rekodi.

Hilo swali la mwisho lina maana kubwa, msiliruke. Kwa sheria ya Kenya, mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Mwimbaji aliyejilipia studio kwa kawaida ndiye mwenyewe. Lakini kama kampuni ya River Road ndiyo iliyogharamia kila kitu, mwimbaji anaweza kukupa baraka zake zote na bado rekodi isiwe yake. Na kama mtunzi amekabidhi haki zake kwa chama cha kukusanya mirabaha, huenda ikabidi akuelekeze huko. Huko nako kumekuwa na vurugu zake: mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) iliipa leseni MPAKE badala ya MCSK, chama kilichokuwapo tangu mwaka 1983, na mivutano ya leseni imeendelea kuibuka. Ndiyo maana nawashauri mwanze na mtu mwenyewe.

"Lakini ni nyimbo za zamani za wamishonari!" Hapa kuna mtego. Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanny Crosby alifariki mwaka 1915, kwa hiyo maneno yake ya Kiingereza ni huru kabisa. Tafsiri ya Kiswahili, hata hivyo, ni kazi ya mtu mwingine, na ina miaka yake. Na rekodi ya kwaya iliyouimba juzi ni mali ya tatu. Halafu kuna nyimbo zinazosikika za kale na si za kale hivyo. "How Great Thou Art", unaoimbwa sana kwa Kiswahili, asili yake ni shairi la Kiswidi la Carl Boberg la mwaka 1885, lakini maneno ya Kiingereza ni ya Stuart Hine, aliyefariki mwaka 1989. Jumlisha 50. Hayatakuwa huru hapa kwetu mpaka mwisho wa mwaka 2039.

Wenzetu Marekani walipitia haya wakaumia. Mwaka 1984 jopo la mahakama liliamuru jimbo kuu la Katoliki la Chicago lilipe zaidi ya dola milioni 3 kwa sababu ya parokia kudurufu nyimbo za kampuni ya F.E.L., ingawa mwaka uliofuata mahakama ya rufani ilibatilisha sehemu kubwa ya malipo hayo. Mwaka 1988 ikaanza CCLI, inayoyauzia makanisa leseni, na leo ina hata leseni ya mazoezi, ya kugawia kikundi rekodi za kujifunzia. Ni mpango mzuri. Lakini leseni ya namna hiyo hufunika nyimbo zilizomo kwenye orodha yake tu. Kabla kanisa la mabati halijatoa sadaka ya miezi kwa ajili hiyo, mwalimu achukue nyimbo za miezi mitatu iliyopita azitafute kwenye orodha hiyo moja moja. Kikundi kinachoimba hasa nyimbo za waimbaji wa Nairobi na Tanzania kitakuwa kimenunua mwavuli wa mvua ya kwa jirani.

Sasa wale wanaoniambia kazi ya Mungu haina hakimiliki. Nawaheshimu wazee wangu, ila naomba waitazame Skiza. Mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu ya namna hiyo, na waimbaji wa injili wamo miongoni mwa wanaofaidika. Hatukusikia mtu akisema fedha hizo ni dhambi. Mdundo nayo, iliyoanzia Nairobi na kuingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, ilijijenga kwa kuwaruhusu watu kupakua nyimbo kihalali huku wasanii wakilipwa mgawo. Kama wimbo wenu uko mahali pa namna hiyo, kila mwimbaji ajipakulie mwenyewe mara moja, na mambo yameisha.

Upande wa mitambo hakuna jipya. Kila wimbo una folda yake kwenye simu ya mwalimu. Ndani yake mna MP3 na faili dogo la maandishi: nani ameruhusu, lini, kwa maneno gani, kwa matumizi gani, pamoja na picha ya ujumbe wenyewe. Folda isiyo na faili la ruhusa hairushwi. Sikuandika hata mstari mmoja wa programu, na nakiri iliniuma kidogo.

Kwa nyimbo ambazo utunzi na tafsiri zake zimeshakuwa huru tunajirekodi wenyewe. Mwalimu anaimba kila sauti peke yake kwa solfa na kisha kwa maneno, mimi nasafisha kelele za mabati kwa Audacity, kisha nabana sauti hadi kilobiti 32. Dakika 5 zinakuwa megabaiti 1.2, na kusema kweli alto wanajifunza haraka zaidi kuliko kwa rekodi ya dukani, ambako alto imefunikwa na kinanda.

Zinabaki nyimbo ambazo wenyewe hawajajibu. Hizo hatuzirushi. Mwalimu anafungua kiungo kwa bando la kikundi, spika moja katikati ya chumba, wote 14 wanasikiliza pamoja mara nne au tano kabla ya kuanza. Stima ikipotea, tunafanya wimbo mwingine.