MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kivuli cha Adhuhuri

Kila mwaka sikukuu ya Noeli ikaribiapo, watoto wa Kurui hutuuliza swali lile lile. Huziona kadi zenye picha za theluji na watu waliojifunika nguo nzito hata masikioni, nao wenyewe watokwa jasho chini ya mkorosho. Je, jua la Ulaya limepungua nguvu? Swali hilo halifai kujibiwa kwa kicheko, maana ndani yake imo habari ya shamba na ya chakula chetu.

Watu wengi husema kwamba wakati wa baridi jua huwa mbali. Sivyo. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu na jua kuliko wakati wo wote, yaani kama kilometa milioni 147. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kama milioni 152. Umbali ungalikuwa ndiyo sababu, Ulaya ingalipata joto Januari na baridi Julai. Nayo mambo ni kinyume.

Basi jioni, taa ikiisha kuwashwa, twaeni chungwa, mlichome kijiti tangu juu hata chini. Kijiti hicho ni mhimili wa dunia. Kisisimame wima, bali kilale kidogo upande. Mhimili wa dunia umelala nyuzi 23 na nusu. Kisha lichukueni chungwa kuizunguka taa, na kijiti kielekee upande ule ule siku zote. Mtaona kwamba mahali pamoja nusu ya kaskazini yaielekea taa, ikapata mwanga mwingi na mchana mrefu. Mkifika upande wa pili, ni zamu ya nusu ya kusini. Ndiyo maana mchana wa London mwezi wa Juni huwa na urefu wa saa 16 na zaidi, na mwezi wa Desemba haufiki saa 8.

Nasi je? Kurui iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, basi tofauti ya mchana wetu mrefu na mfupi haipati hata saa moja. Majira yetu twayajua kwa pepo na mvua. Jua likihama, joto kuu huhama nalo, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma kwa kuchelewa. Likienda kusini twapata vuli, Oktoba hata Desemba. Likirudi kaskazini twapata masika, Machi hata Mei. Kisha kusi yavuma, na kipupwe chaingia.

Safari hiyo yaonekana uani petu. Simikeni fimbo ya mita moja, mkakitazame kivuli chake kilicho kifupi kuliko vyote, kati ya saa sita na saa saba mchana. Mwishoni mwa Juni chaelekea kusini, urefu wake kama sentimeta 59. Mwishoni mwa Desemba chaelekea kaskazini, kama sentimeta 29. Na karibu na tarehe 3 Machi na 11 Oktoba kivuli hutoweka, kwa kuwa jua li utosini.

Lakini tusidanganyike. Sisi wenyewe mwaka mmoja tulikiona kivuli kimekwisha, manyunyu ya Oktoba yakaanguka siku mbili, tukapanda mahindi yote. Mvua ikakatika majuma matatu. Miche ikanyauka, tukaenda kukopa mbegu kwa jirani. Kivuli hutuambia kwamba wakati wa mvua umekaribia, hakituambii kiasi chake. Vuli hufuata pia joto la Bahari ya Hindi: mwishoni mwa 1997 ilizidi hata ikaleta mafuriko, na miaka mingine huwa haba.

Basi kivuli kikifupika, safisheni shamba na kunoa majembe. Mvua ya kwanza ikinyesha, chimbueni udongo kwanza; ukiwa mkavu chini, ngojeni. Wala msipande mbegu zote siku moja, bali wekeni akiba. Na watoto wapime kivuli kila mwisho wa mwezi, waandike mlangoni. Noeli ikifika, watatujibu wenyewe.