Mpanda na hesabu ya asilimia za miradi

Kwa miaka kadhaa wakazi wa Mpanda walikuwa wakisomewa asilimia. Kila kiongozi aliyefika kukagua njia ya umeme wa gridi kutoka Tabora aliambiwa kuwa mradi umefikia asilimia fulani, na aliyemfuata akaambiwa asilimia iliyo juu kidogo. Wakati wote huo taa za mji zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, pamoja na mgawo wake.

Njia hiyo ya msongo wa kilovoti 132, yenye urefu wa kilometa 383 kupitia Ipole na Inyonga, ilianza kuleta umeme wa gridi ya Taifa mkoani Katavi baada ya tarehe ya kukamilika kusogezwa mbele zaidi ya mara moja. Katavi ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwisho kabisa kuunganishwa.

Swali ambalo mwenye mashine ya kukoboa mpunga au fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa na haki ya kuuliza ni hili: asilimia hizo zilikuwa zikipima nini hasa?

Katika miradi mikubwa ya ujenzi kuna asilimia za aina tatu, na mara nyingi huchanganywa katika taarifa moja. Ipo asilimia ya muda wa mkataba uliokwisha kupita. Ipo asilimia ya fedha zilizolipwa. Ipo pia asilimia ya kazi iliyofanyika, ambayo ndiyo wananchi hudhani wanaambiwa kila mara.

Asilimia ya fedha ndiyo inayopotosha upesi. Mkandarasi hupewa malipo ya awali kabla hajachimba msingi hata mmoja, ili alete mitambo na kujenga kambi. Mikataba mingi humruhusu pia kudai sehemu ya gharama za vifaa vilivyofika eneo la kazi, kama vile nondo na nyaya, ingawa bado vimelala ghalani. Hayo ni malipo halali, lakini anayeyahesabu kama kazi iliyofanyika anajidanganya.

Asilimia ya kazi nayo ina mtego wake. Mhandisi mshauri huipata kwa kuipa kila kazi uzito kulingana na gharama yake katika mkataba, kisha anajumlisha. Kwa njia ya umeme, misingi ya minara ina uzito wake, minara yenyewe ina wake, nyaya zina wake na vituo vya kupoza umeme vina wake. Hesabu ni sahihi kabisa. Hata hivyo, minara yote ikisimama na nyaya zikafungwa kasoro kilometa moja tu, umeme unaofika Mpanda ni sifuri. Vivyo hivyo transfoma ikichelewa njiani, au mwenye shamba akiwa hajalipwa fidia na mnara mmoja ukakosa pa kusimama.

Kwa barabara hali ni nafuu kidogo, kwa sababu kilometa 20 za lami zinatumika hata kama 80 zilizobaki ni vumbi. Lakini hapo pia lipo la kuangalia. Mkandarasi yeyote mwenye akili huanza na sehemu rahisi: husafisha njia, hushindilia tuta na kuchonga mitaro kwenye ardhi kavu. Asilimia hupanda kwa kasi katika mwaka wa kwanza. Madaraja na mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi hubaki nyuma, na hapo ndipo mradi huonekana kulala kwenye asilimia 85 au 90 kwa miezi mingi, huku viongozi wakishangaa.

Barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye takriban kilometa 343, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inatoa mfano mzuri wa mahali pa kutazama. Kabla ya lami, wasafiri hawakuwa na hofu na kilometa zote 343. Hofu yao ilikuwa Koga, mpakani mwa mikoa hiyo miwili, ambako mafuriko ya masika yalikuwa yakifunga njia. Kwao, kazi iliyofanyika Koga ilikuwa na maana kubwa kuliko lami iliyomwagwa mahali pengine popote, ijapokuwa katika jedwali la gharama lile eneo ni mstari mdogo.

Mvua zenyewe hazihesabiwi ipasavyo. Katavi hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mkataba wa miezi 24 unaotiwa saini Oktoba unaanza kwa mkandarasi kuvuta mitambo kwenye matope, na miezi ya ukavu anayopata kwa kazi za udongo haizidi nusu ya ile iliyoandikwa. Hilo linajulikana kwa kila mtu aliyewahi kulima Mpanda. Ajabu ni kwamba hujitokeza baadaye katika barua ya kuomba nyongeza ya muda, kana kwamba masika ni dharura.

Na nyongeza ya muda ndiyo hufuta ushahidi. Mkataba ukiongezwa mwaka mmoja, mradi uliokuwa nyuma hugeuka ghafla kuwa "unaendelea vizuri kwa mujibu wa ratiba". Ni kweli, ila ratiba imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere mkoani Pwani, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018, lilipangwa kukamilika Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kati ya tarehe hizo mbili asilimia zilitangazwa mara nyingi mno. Tarehe ya awali ilitajwa kwa nadra.

Isisahaulike kwamba si kila ucheleweshaji ni wa mkandarasi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka riba zinazotokana na Serikali kuchelewa kulipa hati za madai. Kazi inaposimama kwa sababu hiyo, asilimia iliyotangazwa mwezi uliopita haishuki; inabaki palepale ikisomeka vizuri.

Lipo pia suala la mradi uliofika asilimia 100 na bado haujatimiza lengo. Bandari ya Karema, iliyojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari kwenye Ziwa Tanganyika kwa takriban Sh bilioni 48, ilikusudiwa kuhudumia mizigo ya Kongo kupitia Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Gati lilipokamilika, barabara ya kutoka Kagwira hadi Karema ilikuwa bado ya changarawe, na meli za mizigo ziwani ni chache. Kila taasisi ilipima kipande chake. Hakuna aliyepima safari ya gunia la mahindi kutoka ghalani Mpanda hadi sokoni Kalemie.

Lililo muhimu linaweza kuandikwa katika nusu ukurasa: tarehe ya awali ya kukamilika, isiyofutwa na nyongeza yoyote, kazi iliyopimwa, ikitenganishwa na fedha zilizolipwa, na orodha ya vitu vichache ambavyo kimoja kikikosekana huduma haianzi, kila kimoja na jina la anayewajibika nacho. Wahandisi wanazo taarifa hizi tayari katika vikao vyao vya kila mwezi. Haziwafikii madiwani, wala waandishi wa habari wanaopewa namba moja na kuichapisha.

Tawi la reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema limo katika mipango ya Serikali, likifuata kwa sehemu reli ya zamani iliyofika Mpanda karibu mwaka 1950 kuchukua madini ya risasi. Siku mkataba wake utakapotiwa saini, watu wa Mpanda watataka kujua ni mwezi gani tuta litaanza kujengwa, na kama mwezi huo ni wa kiangazi.