Siku nane za Tomaso

KIBARAZANI
Na Agnes Mhando

Kijana alinijia jioni, nikiwa uani napukuchua mahindi. Akanipa shikamoo, akavuta kigoda, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Ni mtoto wa jirani hapa Mazingara, yuko kidato cha tatu, na mwaka huu alikuwa anajiandaa kwa kipaimara.

"Shangazi," akasema hatimaye, "ni kweli mwisho wa Injili ya Marko uliongezwa na watu?"

Alikuwa ameisoma habari hiyo kwenye simu. Akaipeleka darasani kwa mwalimu wake wa kipaimara, kwa nia njema kabisa, akitaka kujua. Mwalimu hakumjibu. Alimsimamisha mbele ya wenzake, akasema kijana ana roho ya mashaka, darasa zima likaambiwa liikemee. Tangu siku hiyo hajarudi. Kanisa lenyewe sitalitaja, maana ninaloliandika leo linahusu makanisa mengi ya Handeni na Korogwe, likiwamo ninaloabudia mimi.

Nilimjibu kama nilivyojua. Nakala mbili za Kigiriki zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa kongwe kabisa, zote za karne ya 4, zinaishia sura ya 16, mstari wa 8. Hapo wanawake wanatoka kaburini mbio, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno kwa sababu wameogopa. Mistari kumi na miwili inayofuata haimo humo. Nakala nyingi za baadaye zinayo, na Wakristo wameisoma tangu zamani sana. Ndiyo maana baadhi ya Biblia huiwekea mabano au maelezo chini ya ukurasa. Hakuna aliyeificha. Wanaochapa Biblia wenyewe ndio wanaotuonyesha, ila sisi tunaoifundisha hatuisemi.

Aliniuliza kwa nini hatuisemi. Sikuwa na jibu la kujivunia.

Nimekuwa Mkristo maisha yangu yote na nimeishi na mashaka kwa sehemu kubwa ya maisha hayo. Wataalamu wa lugha watatuambia kwamba shaka la moyoni na mashaka ya maisha yametoka kwenye maneno mawili tofauti ya Kiarabu. Huenda, lakini masikioni mwetu ni ndugu wa tumbo moja, na maisha ya huku yanayakutanisha kila mara. Masika yanakata katikati, mahindi yameshatoa mbelewele. Tunafunga, tunaomba, wanawake wanakesha kanisani, na mvua hainyeshi. Mwenye kuuliza "Bwana, uko wapi?" katika mwaka wa namna hiyo hajapagawa na chochote. Ana njaa, na bado anaongea na Mungu.

Mwaka niliomzika mdogo wangu, aliyefariki akijifungua, sikuweza kuomba kwa miezi. Nilikuwa nafungua Biblia na kuifunga. Kilichonirudisha ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa shukrani, lakini ile haigeuki. Inaanza gizani, inaishia gizani, na hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kuiongezea aya ya kutufariji. Nikasema moyoni: kitabu kilichokubali kubeba kilio hiki bila kukisahihisha, hicho naweza kukiamini. Imani yangu ilianza upya hapo, kwa mtu aliyelia kama mimi na hakujibiwa ukurasa ule.

Nimesema "kuamini", na neno hilo linanipeleka kwa bibi yangu.

Bibi hakujua kusoma. Mjomba alikuwa mkata mkonge huko Ngombezi, upande wa Korogwe, naye kalamu haikumkaa mkononi, kwa hiyo barua zake ziliandikwa na mwenzake wa kambini aliyejua kuandika. Zikifika kwetu, mimi wa darasa la tatu ndiye niliyezisoma kwa sauti. Fikiria barua hiyo imepita mikono mingapi. Mwandishi aliweka maneno yake ya kisomi. Wakati mwingine mvua ilishalowesha wino. Nami nilikuwa naruka maneno magumu, au nayabuni ili nisionekane sijui. Bibi alikuwa anasikiliza macho ameyafumba. Ghafla ananikatiza: "Rudia hapo. Mwanangu hasemi hivyo." Narudia, nakuta kweli nimekosea. Na mahali pengine anasema: "Hilo ni la mwandishi, lakini hili linalofuata ni lake." Sikumbuki hata siku moja aliyotilia shaka kwamba barua imetoka kwa mwanawe. Alikuwa anauliza sana, kila mstari, kwa sababu alimjua aliyeituma na hakutaka neno lake hata moja lipotee.

Bibi angemwelewa kijana wangu. Anayeuliza kama mistari ile kumi na miwili ni ya Marko anafanya kazi ile ile ya bibi kibarazani. Na wanazuoni waliokaa na nakala hizo maisha yao yote, wakilinganisha herufi kwa herufi, ni watu wanaosema "rudia hapo" tu.

Biblia hii tunayoisoma kwa Kiswahili nayo ina mikono mingi. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kule Mombasa mwaka 1844, miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo kadhi wa mji, Mwislamu. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ile iliyojenga Magila, Korogwe na hapa kwetu Kideleko, alifanya kazi ya kutafsiri Unguja mpaka akafa mwaka 1882, na Isaya kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwisho kupita mezani pake. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, mwenyewe hayupo. Union Version, ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo, ikaja mwaka 1952.

Sasa tazama jambo hili. Isaya ya Kiebrania waliyokuwa nayo watafsiri wa wakati wa Steere ilitegemea nakala zilizoandikwa zaidi ya miaka mia nane baada ya Kristo. Mtu aliyetaka kuwa na shaka alikuwa na sababu. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo wakakuta magombo ya kale pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, mojawapo likiwa la Isaya kizima, lenye umri wa kama miaka elfu moja zaidi ya nakala hizo. Lilipolinganishwa, tofauti zilikuwepo, tena nyingi: tahajia, neno hapa, neno pale. Lakini ni Isaya yule yule. Sijui kama Steere aliwahi kuhangaika usiku juu ya nakala zake. Ningependa kufikiri alihangaika, akaendelea kuandika.

Mambo haya yote yanafundishika. Mtoto wa kipaimara anaweza kuyaelewa kwa Jumamosi mbili. Tunapomnyima, tunamwachia simu imfundishe, na simu haitamwambia habari za bibi yangu. Tuliwahi kuliona kosa hili. Miaka ya 1980 na 1990, mihadhara ya kulinganisha dini ilipopamba moto na kanda za Ahmed Deedat wa Durban zikazunguka mpaka vijijini, vijana wetu walisikia kwa mara ya kwanza masuala ya nakala na tafsiri kutoka kwa waliokuwa wanashindana nao. Walirudi kanisani na maswali wakaambiwa wasiende tena kusikiliza. Shangazi yangu mmoja ni Mwislamu, tunakula Idi kwake na Krismasi kwangu, na ni yeye aliyeniambia wakati ule: "Kama kitabu chenu mnakipenda, kwa nini hamkisomi mpaka chini ya ukurasa?" Nilikasirika. Alikuwa amesema kweli.

Najua nitakayojibiwa. Yakobo, katika sura yake ya kwanza, anamfananisha mwenye shaka na wimbi linalopeperushwa na upepo. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na sitaki kuupunguza. Yakobo anamsema mtu wa nia mbili, anayeomba huku moyo wake ameuweka kwingine. Hali hiyo tunaijua hapa Handeni: Jumapili mtu yuko madhabahuni, katikati ya juma yuko kwa mganga anatafuta kinga, na hana swali hata moja kwa Mungu. Sioni kwamba kijana aliyekuja na swali lake mchana kweupe, mbele ya mwalimu wake, ndiye huyo. Tena Yuda, katika barua yake fupi, anawaagiza waamini wawahurumie wenye mashaka. Na kwa Kiswahili chetu, mtu asiye na huruma tunasema hana imani.

Nilipofika hapo nikamsomea kijana Yohana sura ya 20. Sote tunamjua Tomaso, na tumemfanya jina la kutukana. Lakini hesabu siku. Wenzake wamemwona Bwana, yeye hakuwepo, anasema hataamini mpaka aguse. Kisha zinapita siku nane, ndipo Yesu anakuja tena, na Yohana anasema wazi kwamba safari hii Tomaso yumo ndani pamoja nao. Juma zima, kumi wenye furaha waliishi na mmoja asiyeweza kufurahi. Hawakumtoa. Naye hakuondoka. Milango ilikuwa imefungwa, na waliifunga Tomaso akiwa upande wa ndani.

Kijana alikaa akiangalia ule ukurasa.

"Shangazi, siku zote hizo nane alikuwa anakula nao?"

"Nadhani alikuwa anakula nao."

"Na waliomba naye?"

"Haikuandikwa, mwanangu. Ila walikuwa chumba kimoja."

Hakusema kama atarudi darasani, nami sikumuuliza. Jumamosi nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu wake. Kijana alisogeza kigoda karibu, akachukua hindi, tukapukuchua mpaka giza likaingia.