Barua ya Wazi kwa Tume ya Uwiano: Seli ya Pangani Ilifundisha Nini?

Kwa Makamishna wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, Nairobi.

Waheshimiwa,

Juni 2016 wanasiasa wanane wa Jubilee iliyokuwa madarakani na CORD ya upinzani walikamatwa kwa tuhuma za uchochezi. Sita kati yao walilazwa katika kituo cha polisi cha Pangani. Huku nje wafuasi waliendelea kutukanana kwa niaba yao. Kule ndani waheshimiwa wakaelewana. Walipoachiliwa siku chache baadaye walikuwa wakitaniana na kujitangaza marafiki, na magazeti yakawapa jina la pamoja, utadhani ni bendi ya muziki.

Nchi ilicheka. Lakini kisa kile kilianika jambo ambalo Tume haijalitumia ipasavyo: chuki ya jukwaani mara nyingi haikai moyoni mwa anayeitamka. Ni bidhaa. Hupikwa kwa ajili ya walio chini ya jukwaa, na wao ndio hubaki nayo msafara wa magari ukishaondoka.

Eldoret inajua. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huo, lilichomwa moto huku wakimbizi wamo ndani. Ghasia za msimu ule ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu, na ndizo zilizoleta sheria ya 2008 iliyoizaa Tume. Sasa, wiki moja tu baada ya miaka 14 kutimia tangu Kiambaa, Januari 8, 2022, seneta mmoja alisimama jukwaani mjini humo humo akataja "madoadoa". Neno lenyewe halina ubaya wowote. Ng'ombe ana madoadoa, chui pia. Ila Bonde la Ufa limelisikia tangu machafuko ya 1992, na huko maana yake ni jirani asiye wa kabila lako. Doa hufanywaje? Hufutwa. Msikilizaji hahitaji kumaliziwa sentensi.

Seneta alikamatwa, akaomba radhi, akafikishwa kortini. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameapishwa kuwa waziri.

Aprili 2022 Tume ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga: madoadoa, kwekwe, mende, wakuja, na mengine. Nia ilikuwa njema, na "mende" lilistahili kuwemo; Watutsi wa Rwanda waliitwa hivyo redioni kabla na wakati wa mauaji ya 1994. Shida ni kwamba orodha hiyo ilibeba pia "hatupangwingwi", kauli ya vijana ya kukataa kupangiwa mambo. Kauli ya kumkatalia kiongozi ikawekwa kapu moja na neno la kumfananisha binadamu na mdudu. Leo vijana wanaimba "wantam" wakitaka rais asipate muhula wa pili, na wapinzani wao wanajibu "tutam". Hiyo ni siasa, hata ikipigiwa kelele za kuziba masikio. Tume ikiikimbilia, itakuwa imechoka mapema, na mchochezi halisi atabuni neno jipya kabla karatasi haijakauka.

Sheria inampa mtoa matamshi ya chuki faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa mtu anayezunguka kwa helikopta, faini hiyo ni sehemu ya gharama za kampeni. Kinachomuuma mwanasiasa ni kukosa jukwaa na kukosa jina kwenye karatasi ya kura. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 zinaipa tume ya uchaguzi, IEBC, uwezo wa kumzuia mgombea kufanya kampeni, hata kumwondoa kinyang'anyironi. Kwa hiyo ombi la kwanza la barua hii ni Tume iwe inapeleka malalamiko yake huko haraka kampeni zikianza, badala ya kungoja kesi inayozeeka kortini.

Ombi la pili linahusu radhi. Mheshimiwa huchochea kwa kipaza sauti mbele ya maelfu, kisha huomba msamaha kwa maandishi mtandaoni, au akiwa Nairobi. Tume imtake arudi uwanja ule ule, kwa kipaza sauti, akiwa na mshindani wa chama kingine kando yake. Urafiki wa Pangani uonekane na wale waliouziwa uadui.

La tatu ni daftari la wazi, lisomwe na kila mtu: nani alisema nini, wapi, lini, na jalada lake limefikia wapi. Vyama vyote viwemo, cha serikali kwanza. Wakenya watapiga kura Agosti 10, 2027, na vyama vitateua wagombea kabla ya siku hiyo. Daftari hilo liwe mezani mwa vyama na IEBC kabla ya uteuzi.