Arthur Hana Kosa

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti, viunga vya Shakopee, kusini-magharibi ya Minneapolis, hujaa mashujaa wa Kiingereza. Katika Tamasha la Renaissance la Minnesota watu wazima huvaa deraya, hupanda farasi na kukabiliana kwa mikuki; na watoto, wakiwemo wa Wakenya na Wasomali waliohamia pande hizo, huziona panga walizokwisha kuzijua katika filamu za katuni: The Sword in the Stone ya Disney (1963), au Quest for Camelot ya Warner Bros. (1998). Hapo ndipo huzuka lile lalamiko lililozoeleka ughaibuni, kwamba Mfalme Arthur amewaibia watoto wa Waswahili Fumo Liyongo wao.

Ni lalamiko la kivivu. Kitu kilichofungiwa kabatini na mwenyewe hakijaibwa. Kisa cha Liyongo kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Utendi wa Muhammad Kijumwa ni wa 1913. Tangu hapo wataalamu wameuhariri, wameufasiri, wamebishana kuhusu karne aliyoishi shujaa, na yote hayo kwa lugha na kwa bei isiyomfikiria mzazi wa Shakopee hata kidogo. Kisha ni wao hao wanaoshangaa mtoto akimjua Merlin asimjue Mringwari.

Na dawa inayopendekezwa inazidi ugonjwa: Liyongo naye atengenezewe katuni kama za Arthur. Kama ipi? Filamu ya 1963, iliyotokana na riwaya ya T. H. White ya 1938, inakoma kijana alipokwisha kuchomoa upanga na kutawazwa. Yanayoufanya mkasa wa Arthur uwe mkasa hayamo: hayumo Lancelot na mapenzi yake kwa malkia, wala Mordred, mwana anayempiga babaye jeraha la mauti. Ile ya 1998 iliichukua riwaya ya Vera Chapman, The King's Damosel, ikaibakizia kiunzi, kisha ikampachika joka mwenye vichwa viwili, wa kuchekesha. Liyongo akipitishwa katika kinu hicho atatoka na nguvu zake, upinde, ngoma ya gungu na tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Sindano ya shaba itaachwa mlangoni, kwani mwana anayemchoma babaye kitovuni hauzi wanasesere. Nayo ndiyo mahali hasa ambapo Arthur na Liyongo wanakutana!

Shakopee yenyewe inaijua kazi hii ya kusafisha visa. Jina la mji ni la viongozi wa Wadakota, na maana yake ni "sita". Mmoja wa viongozi hao alinyongwa Fort Snelling Novemba 1865, baada ya vita vya 1862. Uwanja wa mbio za farasi mjini humo unaitwa Canterbury.

Watoto hawaogopi mauti hadithini. Wanaoyaogopa ni wauzaji, na wazazi kwa niaba yao. Katika utendi, Liyongo aliyekwisha kuchomwa anakwenda kupiga goti kisimani, upinde umevutwa, na kufa vivyo hivyo. Mji mzima unakaa na kiu, maana hakuna anayethubutu kuisogelea maiti. Mamaye anaombwa aende akambembeleze mwanawe awaachie watu maji. Mchoraji na aanzie hapo.