Sindano ya Njano Si Chanjo

Wadau wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo sina mzaha. Nshachoka na hii hadithi: "Mbwa wangu alishaumwa ugonjwa wa kupe, akapigwa sindano, akapona. Sasa ashapata kinga." Kinga gani? Nani kakwambia?

Toka Bamburi mpaka Mtongwe, vuka uende Miritini, mchezo ni uleule. Mbwa wa geti analala tu, hataki kula, ufizi mweupe, mkojo rangi ya kahawa tungu. Mwenye mbwa hatafuti daktari wa mifugo, anamtuma askari kwa agroveti. Hapo anapewa unga wa diminazini, ule ukichanganya na maji unakuwa njano. Mtu anakadiria kwa jicho, anadunga, anapokea hela yake, kwisha. Mbwa akiinuka kesho yake, kila mtu bingwa. Akifa siku ya nne, lawama za askari, ati hakumpa maji.

Hio pakiti ndogo imepimwa kumtosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wako ana kilo ngapi? Ishirini na tano akiwa ameshiba. Na kwa mbwa, dozi ya kutibu na dozi ya kuumiza ubongo zimekaribiana sana. Ukizidisha, anayumba kama mlevi, anatetemeka, basi tena. Halafu tangu sheria ya mwaka 2011, kutibu mnyama bila kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ni kosa. Lakini mimi leo sijaja kwa sababu ya sheria. Nimekuja kwa sababu ya damu.

Najua mtasema mimi si daktari. Kweli, na chuo niliacha, hilo halina siri. Kusoma sikuacha.

Sikizeni. Babesia ni kimelea kinachoingia ndani ya seli nyekundu za damu, kikazaana, kikazipasua. Dawa inaua kimelea, hapo sibishi. Lakini wakati huo mwili wa mbwa nao ushaingia vitani. Unatengeneza kingamwili, na hizo kingamwili zinazishika seli zilizoingiliwa, na mara nyingi zinazishika hata zile nzima zisizo na kosa. Bandama inazimeza zote. Kwa hivo kimelea kinaweza kuwa kishakufa na damu bado inashuka, siku tatu, siku tano, mwili unajila wenyewe. Ndio huyo mbwa "aliyepona" Jumatatu mkamzika Ijumaa. Hakulogwa. Alihitaji kupimwa damu tena baada ya sindano, pengine kuongezewa damu, pengine dawa ya kutuliza kinga kama prednisoloni. Na hio prednisoloni msikimbilie kuinunua, manake ukituliza kinga ya mbwa ambaye bado ana vimelea, umewafungulia mlango. Hapo ndipo daktari anapolipwa kwa haki.

Sasa hii imani ya "kuumwa ukitibiwa ndio kinga" imetoka wapi? Nadhani imetoka kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe ina ukweli wake. Ndigana, ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama, Wazungu waliupa hadi jina la pwani yetu ya mashariki. Pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, watafiti walitengeneza njia ya ajabu: ng'ombe anadungwa vimelea hai vya ndigana, na papo hapo anadungwa oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Anaumwa kidogo tu, mwili unajifunza, na kinga inakaa miaka, mara nyingi maisha yake yote. Mchanganyiko wenyewe unaitwa kwa jina la Muguga mpaka leo, na Wamaasai wa Tanzania wamechanja ng'ombe wengi kwa njia hio. Hio ni kazi ya Kenya, tujivunie.

Lakini ndigana inajificha kwenye seli nyeupe, na ng'ombe aliyechanjwa anakuwa na seli za kuua zinazoitambua na kuimaliza mapema. Babesia ya mbwa iko kwenye seli nyekundu na inabadilisha sura yake kama mtu anayebadilisha kofia akiona askari. Kinga inayobaki ni ya nusunusu, inapungua na miezi, na aina moja ya babesia haikukingi na nyingine. Ulaya walitengeneza chanjo ya babesia ya mbwa, na hata hio inapunguza makali tu, haizuii kuambukizwa. Sasa kama chanjo yenyewe iko hivo, sindano ya kukadiriwa ya kwa agroveti itakupa kinga ya maisha kutoka wapi?

Kuna na erlikia. Huyu ni bakteria, analetwa na kupe yuleyule wa kahawia, na ile sindano ya njano haimtibu hata kidogo. Anataka doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, si tatu. Na hapa kuna watu wanaliwa pesa. Mbwa anatibiwa, anapona, baada ya miezi anapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha matone ya damu, kinaonyesha bado. Mwenye mbwa anatukana daktari, au anauziwa dozi nyingine. Kumbe kipimo kile kinatafuta kingamwili, si bakteria. Kingamwili za erlikia zinaweza kubaki miezi, hata miaka, baada ya matibabu. Zinasema mbwa alishakutana na ugonjwa, basi. Hazimaanishi bado anaumwa, na kibaya zaidi, hazimkingi asiambukizwe tena. Uliza daktari hesabu ya chembe za kugandisha damu kabla hujatoa shilingi nyingine. Na nyinyi wa majumba makubwa mnaopenda mbwa wa Kijerumani, kaeni macho zaidi: kinga yao mara nyingi inashindwa na erlikia, wanatoka damu puani na kufa kuliko mbwa wengine.

Ati "mbwa koko mbona hawaumwi?" Wanaumwa, bana. Wale waliokufa wakiwa vitoto nyuma ya jaa hukuwaona. Unawahesabu waliobaki.

Pesa ya sindano tano ingenunua dawa ya kupe ya miezi. Huyu kupe wa kahawia haishi kwa mbwa tu. Jike akishiba anadondoka, anapanda ukuta, anataga mayai maelfu kwenye nyufa, na mabanda yetu ya mawe ya matumbawe ni nyufa tupu, na joto letu halimpi likizo mwaka mzima. Zibeni kwa simiti. Mbwa akaguliwe kila jioni, masikioni, katikati ya vidole, manake kupe anahitaji kama siku mbili akiwa amejishika kabla hajamwaga babesia. Erlikia hangoji hivo, ni saa chache, ndio maana dawa ya kupe isikatike hata mwezi mmoja. Na mwenye nyumba, hio kazi ukimpa askari, mpe na pesa ya dawa.