CHAI YETU, KRIMU YAO

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami leo, ndugu msomaji, naomba unitegee sikio nikupe habari za kipya kilichoingia bwenini mwetu. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizoni na kijikopo cha krimu, ati kina "seli hai za chai". Wee! Kila mtu akataka apakwe kidogo puani. Nilipoisikia bei nilishika kichwa.

Nilipokishika kile kijikopo nilikumbuka vidole vya mama. Mama huchuma chai huku kwetu Bomet, majani mawili na chipukizi, umande ungali majanini. Vidole vyake ni vyeusi ti, vimepasukapasuka, wala hakuna sabuni inayoutoa weusi ule. Je, hutoka wapi? Ndani ya seli za jani bichi mna kemikali ziitwazo katekini. Jani likivunjwa, katekini hukutana na kimeng'enya ambacho zilikuwa zimetengwa nacho, hewa ikaingia, rangi ikageuka kuwa hudhurungi. Ndivyo kiwanda kinavyofanya kwa makusudi: majani husagwa, yakaachwa yapate hewa, yakawa chai nyeusi tunayoinywa na maziwa. Chai ya kijani nayo hupashwa moto mapema ili kimeng'enya kife na katekini zibaki. Hizo ndizo watengenezaji wa vipodozi huzikamua wakazitia kwenye krimu. Yaani kinachouchafua mkono wa mama ndicho kinachouzwa kulainisha mkono wa mwingine! Jamani.

Je, husaidia? Sikatai yote. Yapo majaribio yaliyoonyesha kuwa katekini hupunguza chunusi na madhara ya jua kwenye ngozi. Lakini zenyewe huharibika upesi zikipata hewa na mwanga. Na hiyo "seli hai" ni porojo tupu. Seli ya mmea haiishi miezi ndani ya kopo la mafuta, wala haiwezi kugeuka kuwa seli ya ngozi ya binadamu. Kilichomo ni maji ya seli zilizokwisha kupasuliwa. Tena niligeuza kopo nikasoma viungo, ambavyo kwa desturi huandikwa kuanzia kilicho kingi. Maji yalikuwa ya kwanza. Camellia sinensis, ambalo ndilo jina la kisayansi la mchai, lilikuwa mkiani kabisa, jirani na marashi. (Afadhali hata hiyo, kuliko krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo KEBS imezipiga marufuku na bado watu huzinunua kichinichini.)

Lakini linalonikera zaidi si bei wala porojo. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Mitsui huko Japani ilikuza seli za mmea mmoja wenye mizizi myekundu ndani ya matangi, ikapata rangi ya shikonini iliyotiwa katika rangi ya midomo. Mwaka 2008 kampuni ya Mibelle ya Uswisi ikaleta vipodozini seli za tufaha la kale zilizokuzwa vivyo hivyo. Hapo hakuna shamba wala kikapu. Kijipande cha mmea kinatosha. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho. Sisemi kuchoma mali ni vyema, ila wale watu walimwona adui wao kwa macho. Tangi la seli halitapita barabarani wakaliona.

Kuna rafiki yangu aliyesema ninatisha watu bure, kwamba hakuna atakayekunywa chai ya tangini. Nakubali, chai ya kikombe bado itatoka shambani. Kwa krimu, je? Tena Kenya imeshaonja jambo kama hili. Wanasayansi wa ng'ambo walichukua vijidudu Ziwa Bogoria, vimeng'enya vyake vikaishia kwenye sabuni na jinzi huko kwao, na kufikia mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lilikuwa linalia kwamba halikupata haki yake.

Na ati sisi hatuna ujuzi? Taasisi ya Utafiti wa Chai iko hapa hapa Kericho. Mwaka 2011 watafiti wake walitoa mchai wa zambarau, TRFK 306, wenye anthosiani, ile rangi iliyomo kwenye zabibu nyeusi. Lakini mkulima akiupanda, kisha kiwanda kikachanganya majani yake na ya kijani, bei huwa ile ile. Kiwanda cha Saosa nacho hukamua chai kwa ajili ya vinywaji. Kukamua tunakujua basi! Mimi nasema krimu itengenezwe hapa, ipimwe hapa, na mwenye majani alipwe kwa kilichomo ndani ya jani, si kwa uzito wa kikapu peke yake.

Chama cha Sayansi, mnasikia? Michai iko hatua chache tu kutoka maabara yetu. Majani, maji ya moto na gliserini si vitu vya kutafutwa Ulaya. Majani nitaleta mimi. Mama ameshakubali, ila aliniuliza kwanza kama krimu hiyo itautoa weusi wa vidole vyake. Sikuwa na jibu.